Saa Mbili Kamili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti cha lori ulichokiweka mlangoni mwa karakana, kifua kimetulia, na Mama amekuletea chai bila kukukumbusha dawa zaidi ya mara tatu. Mimi ni mzima, nakula na nalala vizuri. Lile jino nililokuwa nalilalamikia limeshang'olewa, kwa hiyo mwambie Mama aache kuniombea jino, aniombee mengine. Wasalimie wote wa nyumbani, na mafundi wote wa hapo karakana, hata yule anayewaambia watu kwamba mimi huku nauza miwani ya jua.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe husemi kitu zaidi ya "eeh, eeh", halafu ukishakata unamsimulia Mama habari ambazo sikuzisema. Mara ya mwisho nilikwambia nimeshikwa na mafua. Baada ya dakika tano Mama alinipigia analia kwamba nimeungua na mafuta.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, ni kazi gani hasa ninayoifanya, maana watu wanakuuliza na wewe unaishia kukohoa. La pili, dada yako mkubwa, Shangazi, alikuja kwangu kutibiwa magoti, mbona amerudi nyumbani wiki tatu kabla ya siku aliyosema, kajifunga kitambaa kichwani, na kila akiulizwa anajibu, "Muulizeni binti yenu." Baba, maswali hayo mawili yana jibu moja. Sogeza kiti kivulini nikueleze.

Kampuni yetu ni ndogo. Tuko watu kumi na mmoja, ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Tunatengeneza miwani ya kuvaa kichwani, inayokaribia ukubwa wa ile barakoa yako ya kuchomelea. Wataalamu wanaiita miwani ya uhalisia mseto. Ukiivaa unaendelea kuona chumba chako, meza yako na mikono yako, lakini juu ya hivyo unaona na vitu ambavyo havipo: mshale unaokuonyesha skrubu ya kufungua, mchoro wa mota ukielea hewani, mkono wa fundi aliye mji mwingine ukikuelekeza pa kushika. Hayo ya michoro na mishale wanayafanya wenzangu. Kazi yangu mimi ni kuipa umeme, basi.

Wewe umeishi na betri maisha yako yote, kwa hiyo utanielewa haraka kuliko wakubwa zangu. Betri ya lori inakaa kwenye sanduku lake. Ikiwa nzito, uzito ni wa lori. Ikipata moto, inapigwa upepo barabarani. Yangu inakaa juu ya pua ya mtu. Nikiweka kubwa, mtu anainamisha shingo kama aliyeangusha sindano. Nikiweka ndogo, inakata roho kabla hajafika skrubu ya pili. Nikiikamua itoe umeme mwingi kwa haraka, paji la uso linaiva. Na kwenye dawati linalofuata langu amekaa jamaa tunayemwita Mtu wa Picha, ambaye kila wiki anaongeza kitu cha kupendeza. Wiki moja aliongeza vumbi. Vumbi, Baba! Alisema karakana isiyo na vumbi haifanani na karakana. Lile vumbi ambalo halipo lilikunywa dakika sita za betri yangu, na nilipomwambia alitoe alinuna siku mbili.

Mkubwa wetu ni Mkurugenzi, mtu mrefu, mpole, anayependa hotuba kuliko chakula. Hata dirisha likifunguliwa anasema maneno machache. Yeye alishaamua tangu mwanzo kwamba betri ikae mbele, ndani kabisa ya miwani, isionekane. Mimi nilipendekeza ikae kisogoni, au kiunoni na waya upite mgongoni. Akanijibu kwamba miwani yenye mkia hainunuliwi, na kwamba yeye hajawahi kuona mtu mwenye heshima zake akitembea na waya mgongoni kama pasi.

Sasa, asubuhi moja, yapata miezi minne iliyopita, Mkurugenzi alitoka kwenye chumba cha vipimo mikono juu, akatuita wote, akapanda kwenye kiti. Akatangaza kwamba betri yetu, ile ile ndogo ya mbele, imefikisha saa mbili. Akarudia: saa mbili kamili! Watu wakapiga makofi. Mtu wa Picha akalirudisha vumbi lake siku hiyo hiyo. Na mimi, Baba, nilipiga makofi.

Haikupita muda akapatikana mteja. Ni mama mmoja mwenye kampuni ya kutengeneza lifti kwenye majengo marefu. Sisi tulizoea kumwita Mama wa Lifti. Alianza kazi akiwa fundi, akapanda mashimo ya lifti kwa miaka mingi, na mkono wake wa kulia hauna kidole cha mwisho. Mafundi wake wengi ni wageni wa kazi, na wazoefu ni wachache. Alitaka mgeni avae miwani yetu, mzoefu akae ofisini, aone kile mgeni anachokiona na kumwelekeza bila mgeni kushika simu wala karatasi. Aliuliza swali moja tu: betri inadumu muda gani? Mkurugenzi akamjibu kwa barua yenye muhuri: saa mbili kamili. Akatukumbusha na sisi, kwa hotuba, kwamba mama huyu asiponunua, hao wa duka la magodoro la chini wanakitaka chumba chetu wakifanye ghala.

Hapo ndipo Shangazi anapoingia. Alifika kwangu na mkoba mmoja, mto wake wa kulalia na magoti mawili mabovu. Kliniki ilikuwa Jumanne na Alhamisi; siku nyingine alikaa nyumbani akinipangia vyombo upya. Ili nisizidi kupoteza vijiko nikamchukua kazini. Unamjua dada yako. Mwalimu mkuu mstaafu hawezi kukaa mahali bila kupakagua. Siku ya pili alikuwa ameshamsahihisha Mkurugenzi sarufi mbele za watu. Siku ya tatu Mkurugenzi alikuwa anamwomba ruhusa ya kutoka.

Kumbe alikuwa na kipaji. Miwani hii huwatia watu wengi kizunguzungu. Mtu wa Picha mwenyewe akiivaa dakika kumi anakimbilia chooni. Shangazi aliivaa nusu saa, akafungua na kufunga mota ya mlango wa lifti iliyo mezani kwa kufuata mishale, akavua, akasema anasikia njaa. Tangu siku hiyo akawa mjaribu wetu mkuu. Alikuwa na daftari lake la kutoa maksi. Ukurasa wa kwanza aliandika: "Picha, nane kwa kumi. Vumbi, sifuri. Uzito, mbili; inanivuta pua kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Mwanafunzi anaweza akijitahidi." Mkurugenzi alipoona bibi wa miaka sitini na nane, ambaye hajawahi kushika bisibisi, anaitengeneza mota ya lifti, akaamua papo hapo kwamba siku Mama wa Lifti atakapokuja, atakayevaa ni Shangazi. Muda wa maonyesho: saa mbili.

Mimi nilijua, Baba, kwamba saa mbili hazipo. Betri ile ilikuwa na dakika hamsini na mbili. Nilihangaika nayo mwezi mzima. Nilipunguza mwanga wa skrini, nikapima. Nilipigana na vumbi, nikapima. Nilizima kila kitu kilichokuwa kinawaka bila sababu, mpaka nikafika dakika sitini na nne. Hapo ikagoma. Ningeikamua zaidi ingevimba kama zile ulizokuwa unanikataza kuzisogelea.

Siku nne kabla ya maonyesho tulikuwa jikoni na Shangazi, tunachambua mchele, nikamwambia kwamba Mkurugenzi ameahidi kitu ambacho hakipo na kwamba Jumatano tutaaibika sote. Tukamaliza sinia. Kisha akaniuliza, betri nyingine kama hiyo ina ukubwa gani? Nikamwonyesha kwa vidole, kama sabuni ya kipande iliyotumika nusu. Akaniangalia, akapeleka mkono kichwani, akavua nywele.

Samahani, Baba. Najua kwenye harusi ya mdogo wangu uliwaambia watu dada yako hazeeki, ukazitazama zile nywele, ukasema ndiyo damu ya kwenu. Si zake. Ni wigi. Amenikataza nisimwambie mtu, kwa hiyo ukimaliza kusoma ukurasa huu usimwangalie kwa macho hayo.

Akaliweka wigi mezani, karibu na mchele, akasema ndani yake pana nafasi ya kuku kuatamia. Betri ya pili ikae pale kisogoni, waya upite chini ya mkanda wa miwani, nani atafunua kichwa cha mwalimu mkuu? Nilikataa. Nilimwambia betri haifunikwi, inahitaji kupumua. Hayo ulinifundisha mwenyewe. Akaniuliza kama nina wazo jingine. Sikuwa nalo. Usiku… hapana, sitaki kukudanganya kwamba nililala nikalifikiria. Nililifikiria kwa muda wa kuosha sinia, nikakubali.

Jumatano saa nne asubuhi Mama wa Lifti alifika na mafundi wake wawili, hawakutaka chai. Shangazi alikaa mbele ya ile mota kama mgeni rasmi, miwani usoni, wigi limechanwa vizuri na limekaa juu juu kidogo kuliko kawaida. Mkurugenzi alitoa hotuba ya dakika kumi na moja; najua kwa sababu miwani ilikuwa imeshawashwa na mimi nilikuwa nahesabu.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Shangazi alifungua, akasafisha, akafunga, akawa anaeleza kila hatua kama yuko mbele ya darasa la nne. Fundi mmoja wa Mama wa Lifti alijikuta amenyoosha kidole kuomba kuuliza. Dakika ya sitini na tatu nilishika ukingo wa meza. Dakika ya sitini na nne betri ya mbele ikaisha, ya kisogoni ikapokea, wala picha haikutikisika. Mkurugenzi, asiyejua lolote, alinikonyeza. Nilijiona fundi, Baba. Nilijiona kabisa.

Dakika ya themanini Shangazi alianza kujifuta jasho. Dakika ya themanini na tano aliniita kwa upole, akaniuliza kama kuna mtu amefungua jiko. Na dakika ya tisini na moja kichwa chake kikaanza kulia.

Tii. Tii. Tii.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Kila betri yetu ina kengele ndogo ya kutahadharisha joto likizidi. Ya mbele nimeshaizoea. Ya pili niliitia ndani ya wigi na kengele yake. Watu wote wakageuka kutafuta sauti inatoka wapi.

"Ni simu yangu," Shangazi akasema, akiendelea kukaza skrubu.

Mama wa Lifti akamwuliza, "Simu iko ndani ya nywele?"

"Sisi wazee tunapoteza vitu, mama. Mtu anaweka pale atakapokumbuka."

Tii, tii, tii. Kisha ikaja harufu. Wigi lile ni la nailoni, na nailoni haina subira. Nilipiga hatua moja kumwendea lakini Shangazi alishanitangulia: alishika wigi kwa mikono miwili, akalivua na miwani yote kwa pamoja, akavitupa mezani. Wigi lilianguka chali, na pale katikati, imenasa kwenye nyuzi zilizoyeyuka, ipo betri yangu, inapiga kelele kama kifaranga. Nikauvuta waya, nikaipeleka betri kwenye ndoo ya mchanga. Niliporudi hakuna aliyekuwa amesogea.

Shangazi akasimama, kichwa wazi, mvi fupi. Akamgeukia Mama wa Lifti. "Mama, nimesimamia mitihani miaka thelathini na moja," akasema. "Nimewafukuza watoto wa watu kwa kuingia na majibu kwenye soksi. Leo nimekamatwa mimi, nayo kichwani."

Fundi mmoja alicheka, akajikohoza. Mama wa Lifti hakucheka. Aliomba maji ya baridi na kitambaa, akamwinamisha Shangazi, akamfuta kisogo mwenyewe. Palikuwa na alama nyekundu, kubwa kama kifuniko cha chupa. Halikutoka hata lengelenge, Baba, na sasa imepona; nakwambia mapema usije ukaruka kutoka kitini. 

Halafu Mama wa Lifti akaniuliza ile ya mbele peke yake inadumu muda gani. Nikasema dakika sitini na nne, na wakati ile barua inaandikwa zilikuwa hamsini na mbili. Akamgeukia Mkurugenzi na kumwuliza hizo saa mbili alizitoa wapi. Mkurugenzi akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu. Mama wa Lifti akachukua mkoba wake, akasema yeye hupandisha watu mashimoni kwa kuamini maandishi, na wakaondoka kwa ngazi.

Kesho yake Mkurugenzi alikuja na tai nyeusi. Akatuambia, kifupi tu, kwamba hakumbuki alikozipata zile saa mbili. Labda alizitamani mpaka akaziona. Mtu anayeona vitu ambavyo havipo bila hata kuvaa miwani, akasema, hafai kuongoza wengine. Kwa hiyo mchana huo ataandika barua kwa wenye kampuni ajiuzulu. Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango taratibu.

Baba, mpaka hapa lazima umekuwa ukimcheka Mkurugenzi. Nimekusimulia hivyo kwa makusudi. Ndivyo nilivyomsimulia hata Shangazi, ndivyo nilivyojisimulia mwenyewe miezi mitatu. Sasa nikwambie ilivyokuwa.

Asubuhi ile ya makofi nilikuwa nimewahi kazini peke yangu. Niliiweka miwani kwenye kile kichwa cha plastiki cha kuonyeshea kofia, nikaiwasha saa moja na dakika nane, nikaandika hivyo kwenye daftari la vipimo. Ilipozimika niliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili kamili asubuhi. Nikachukua kikaratasi, nikaandika haraka, "Betri imezima saa 2 kamili," nikakibandika kwenye chaja, nikaenda kunywa chai. Niliporudi Mkurugenzi amekishika kikaratasi, machozi yanamlengalenga.

Yeye alisoma muda. Mimi niliandika saa ya ukutani.

Nilielewa pale pale. Nilisema, "Lakini…" Akanikatiza kwamba leo hakuna lakini. Akapanda kwenye kiti. Watu wakashangilia, wakanibeba juu, Mtu wa Picha akanikumbatia. Na kile cheo cha Mkuu wa Umeme, kile nilichowapigieni simu wewe na Mama mkashangilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, nilipewa asubuhi ile, kwa kikaratasi kile. Nikajiambia nitamweleza mchana. Mchana nikajiambia kesho. Kisha nikajiambia nitaifikisha betri saa mbili kweli, halafu itakuwa hakuna haja ya kueleza. Kikaratasi nilikikunja nikakitia kwenye droo, chini ya waya.

Shangazi nilimweleza kwanza, jioni ile ya tai nyeusi. Hakunifokea, na ningeshukuru angefoka. Aliniuliza tu: kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kinaficha uongo wa nani? Nikamwambia wangu. Akainuka akaanza kukunja nguo. Alfajiri nilimpeleka stendi ya basi. Alinishika kichwa kuniaga, lakini hakuniaga kwa maneno. Ndiyo maana ya hilo "Muulizeni binti yenu."

Kutoka stendi nilikwenda moja kwa moja ofisini na kumkuta Mkurugenzi bado na ile barua ya kujiuzulu; alikuwa ameandika kurasa sita, na alikuwa hajafika kwenye kujiuzulu. Niliweka daftari mezani, na kikaratasi juu yake. Alikisoma mara tatu. Kisha akauliza polepole, "Saa mbili… asubuhi?" Nikasema asubuhi. Akageukia dirishani. Aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nikajibu kwamba nilijaribu, akasema hakuna lakini. Akasema sawa, hilo lilichukua dakika moja. Na hiyo miezi mitatu iliyofuata ilikuwa na dakika ngapi? Nililia, Baba, na yeye akanipa ile barua yake nijifutie.

Hakunifukuza. Alisema yeye pia alisoma karatasi moja bila kufungua daftari, kwa sababu aliipenda. Ila alinitaka niende kwa Mama wa Lifti mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, niseme yote kama nilivyomwambia yeye.

Nilimkuta chini ya jengo moja, miguu yake tu inaonekana, mwili wote umeingia kwenye mashine ya lifti. Nikaisimulia miguu. Nilipofika kwenye saa mbili asubuhi, miguu ikaanza kutikisika. Nikadhani amepigwa shoti. Alipotoka alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, akaniambia niirudie hapo pa saa ya ukutani. Alipomaliza kucheka akawa mkali tena. Akasema fundi wake akikaa shimoni zaidi ya dakika arobaini bila kushuka, yeye humfuata. Saa mbili hakuna aliyezihitaji, alitaka tu kujua namba ya kweli. Asichokubali ni miwani kuzimika ghafla mtu akiwa juu ya ngazi, mshale umepotea na hajui ameshika waya gani. Akaniuliza ile betri ya kisogoni ilipopokea kutoka kwa ya mbele, mbona bibi hakushtuka? Nikamweleza. Akaniuliza shingo ya bibi ilikuwaje. Nikamtolea daftari la Shangazi, ambalo alilisahau kwangu. Siku ile, kabla ya maonyesho, aliijaribu na betri ya nyuma, akaandika: "Uzito, saba. Leo mbuzi amesimama mwenyewe."

Basi, ndivyo tunavyoitengeneza sasa. Betri zote mbili ziko kisogoni, wazi, zinapigwa hewa, hazigusi ngozi. Moja ikikaribia kuisha inakwambia mapema, unaichomoa na kuchomeka nyingine huku miwani inaendelea kuwaka. Mama wa Lifti amechukua sita za majaribio. Kwenye karatasi yake tumeandika dakika, si saa, na Mkurugenzi ameisoma kwa sauti mbele ya wote. Wa magodoro bado wanapanda kutuchungulia, lakini wanashuka.

Mimi nimevuliwa cheo. Ni haki. Nimerudi mezani kwangu pale pale, kwa kazi ile ile, na kila kipimo nikikiandika lazima Mtu wa Picha atie sahihi. Analifurahia jambo hilo kupita kiasi.

Nina maombi mawili. La kwanza, mfikie Shangazi. Mwambie nimekwenda, nimesema, na nimesema mwenyewe. Kuhusu nywele nimeshamchagulia nyingine, nitampelekea mwenyewe mwisho wa mwezi nikija. Yeye akikuuliza, wewe hujui kitu. Naomba asinipokee kama mgeni.

La pili, Mama aliniambia umeandika kwenye ukuta wa karakana, kwa ile rangi nyekundu iliyobaki kwenye mabati, "Hapa ni kwa Baba wa Mkuu wa Umeme." Nakuomba uchukue brashi ufute maneno mawili. Najua yatakayobaki. Watu watasoma "Baba wa Umeme", watakuletea malalamiko ya kila nyumba inayokatikiwa, na yule fundi wa miwani ya jua atakucheka mpaka Krismasi. Vumilia, Baba. Nikija nitauchora upya mwenyewe, kwa herufi za kawaida, ninachokifanya kweli.

Mpe Mama mkono wangu, mwambie pengo la jino limepona na moyo unaendelea. Wewe jifunike kifua asubuhi, na unijibu kwa karatasi, hata kama ni ya kunikemea, nitaisoma yote.

Wako mtiifu kuanzia sasa,

Binti yako, fundi wa betri kama wewe.